Mistari ya Kuku wa Phelesia

Phelesia wa Karungu hakula kuku. Wanawake wa rika la mama yake hawakuwala kwa mila, naye hakuona haraka ya kuanza. Labda ndiyo sababu aliwajua kuliko mtu yeyote pale ufukweni mwa ziwa. Mume wake Maurice, mvuvi, aliwajua kuanzia paja kwenda shingoni.

Mwaka wa sitini na tano, alipojifungua Pamela, shangazi yake alimletea tetea wa mistari, nyeusi kwa nyeupe toka shingo hadi mkia, kana kwamba amevikwa wavu. Phelesia akampenda vibaya. Alitaka boma zima lijae kuku wa namna hiyo. Ila jogoo wa pekee pale alikuwa mwekundu, mnene, aliyeletwa na Bwana Mifugo wa serikali, na Maurice alimwonea fahari kama aliyemtaga mwenyewe.

Vifaranga wa kwanza walitoka weusi wote, wengine na doa jeupe kichwani. Walipokua, wenye doa wakaota mistari, na wote wakawa majogoo. Tetea wakabaki weusi tii. Na jogoo ndiye huchinjiwa wageni. Kufika Krismasi, mistari yote, isipokuwa ya mama yao, ilikuwa imeliwa.

"Nyar Kadem," Maurice akamwambia. Hivyo ndivyo alivyomwita, binti wa Kadem, kwao alikozaliwa, hasa akitaka kumchokoza. "Kuku wako anawazalia wageni tu."

Mara ya pili tetea alipoangua, Phelesia alimkalisha Pamela kwenye mkeka, akawafunga uzi mguuni vifaranga wasio na doa.

"Hawa ni tetea," akasema.

"Wamekuambia?"

"Nimewatazama, Baba Pamela."

Maurice alicheka mpaka mtumbwini. Lakini miezi ikaenda, na hakuna hata mmoja mwenye uzi aliyewika. Phelesia akaelewa basi: mistari ya mama huenda kwa wana wa kiume, binti huchukua alichonacho baba. Ukitaka tetea wa mistari, tafuta baba wa mistari. Na mwewe alikuwa amemwachia mmoja tu wa mistari, jogoo kijana wa miguu mirefu, sauti bado haijakaa sawa.

Ndipo akaja Walter kutoka Muhuru, mume wa dada yake Maurice. Shemeji halishwi omena, vidagaa vya kila siku. Maurice akachukua kisu, akamshika yule kijana wa mistari.

"Huyo hapana," Phelesia akasema kutoka jikoni.

"Kwa nini?"

"Ndiye baba wa tetea zangu."

"Tetea gani? Siwaoni."

"Hawajazaliwa. Chinja yule mwekundu."

Maurice akamgeukia na jogoo kwapani. "Yule ni wa Bwana Mifugo. Niliweka sahihi."

"Uliweka sahihi kumpokea, si kumzika. Kazi yake amemaliza. Akibaki, hawa tetea weusi watazaa weusi wengine."

"Na huyu utamwoza dada zake?"

"Kuku hawaendi kanisani, Baba Pamela."

Walter, aliyekuwa ameketi barazani akinywa uji, akakohoa. "Shemeji Maurice, mimi huwala wakishanyonyolewa. Sasa hiyo mistari mnagombania nini?"

"Muulize huyu. Anasema anajua kuku kabla hajazaliwa."

"Kwani alikosea wale wa uzi?"

Phelesia hakujua kwamba habari ya uzi ilikuwa imefika Muhuru. Maurice akaangalia chini. Kumbe ni yeye aliyeipeleka, akiieleza kila penye mtumbwi, na huko hakuwa anaicheka.

Akamwachia yule kijana. Jogoo akajikung'uta, akajaribu kuwika, sauti ikakatika katikati. "Huyu ndiye wa kutuamsha?" Maurice akauliza, lakini alikuwa tayari anamfuata mwekundu nyuma ya ghala.

Siku nyingi boma liliamka limechelewa, na Maurice alilalamika kila asubuhi. Kisha tetea mweusi akaangua vifaranga kumi na mmoja. Walipokua, tetea walikuwa sita, na watatu kati yao wa mistari. Phelesia aliwahesabu mara mbili, Pamela mgongoni, asiamini.

Jioni hiyo alimkuta Maurice amechuchumaa kando ya banda na jirani yao Awino, akimwonyesha kwa kidole.

"Unaangalia baba," Maurice alikuwa akisema. "Nilimwambia mke wangu, yule mwekundu hatufai."

Phelesia akapita na ndoo yake ya maji, wala hakumsahihisha. Angalau sasa mistari ilikuwa fahari ya Maurice; mgeni akija, hakuna wa kuigusa.