Uduvi Wasionuka Mafuta

Mama alipoyaona yale mafuta meusi yakielea kwenye kijito chetu, alishangilia. "Sifa ya bure hiyo!" aliita majirani. Sifa ni mafuta ya papa, na sisi watu wa delta tuliipaka mitumbwi yetu ili isiliwe na wadudu. Basi tukachota kwa vifuu na masufuria, tukaupaka mtumbwi wa marehemu baba mpaka ukang'aa. Nusu ya kijiji ilifanya hivyo hivyo. Nikiikumbuka furaha ile, hadi leo nashikwa na hasira.

Ilisemekana meli imetoboka huko nje baharini. Meli ya nani, hatukuambiwa, wala hakuna aliyekuja kutupa pole. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi wa kamba wakitujia na boti za injini na barafu. Walinusa kapu la kwanza lililotoka kwenye mtumbwi wetu, wakalimwaga, wakageuza boti. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Kaa walikufa midomoni mwa mashimo yao. Mikoko ya ukingoni ilikauka, na mpaka leo haijachipua.

Lakini kilichomuuma mama ni uduvi, wale kamba wadogo kama punje za mchele. Sisi wanawake tulikuwa tukiwatanda: wawili mnashika kanga, kila mmoja na pembe zake, mnaizamisha, mnaikokota polepole, kisha mnainua. Tangu baba afariki, uduvi ndio waliotulisha. Sasa kanga ilikuwa ikirudi nyeusi na tupu, mwezi baada ya mwezi.

Mjomba akaja kutoka Bungu kutuchukua kwa mashua. Alikuwa na duka kando ya barabara, na moyo mzuri, ila maneno mengi mno.

"Dada, hapa pamekwisha. Twende zetu."

"Nikakae barabarani nitazame mabasi ya watu?" mama alimjibu.

Hakutaka kabisa kuondoka. Lakini jikoni hamkuwa na kitu, naye alijua. Akaomba tutande mara moja ya mwisho. Tukikosa, tutafunga mizigo.

Tuliingia majini, mjomba akabaki ukingoni na viatu mkononi, akitueleza namna Bungu kulivyo na maisha mazuri. Tulipoinua kanga tukapata majani. Tukarudia, majani tena. Mama akasogea mbele kidogo, nami nikamfuata. Safari hii nilihisi kanga inanitekenya vidole. Nikainua na kupiga kelele kama mwehu. Uduvi! Hawakufika hata kikombe, lakini walikuwa hai, wakirukaruka juu ya kitambaa.

Mama hakupiga kelele. Aliogopa, nami nikaelewa kwa nini. Kama wananuka mafuta, wamerudi kwa faida gani? Akawachota kidogo, akawatia mdomoni wabichi, akaanza kutafuna. Nilikodolea macho taya lake mpaka shingo ikaniuma. Mjomba naye alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu kuzaliwa kwangu.

Mama akameza. Akachota wengine, akatafuna tena, safari hii bila haraka.

"Chumvi tu," alisema, machozi yakimtiririka. Kisha akamgeukia kaka yake pale ukingoni. "Kaka, wahi mashua yako. Maji yanakupwa."