Jino Langu Kwenye Halua ya Zainabu

Jamani, aibu iliyonipata Pangani naisimulia nacheka, lakini siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, nilianguka na baiskeli Ngamiani nikavunja jino la mbele, tena wakati posa yangu kwa Zainabu ishapelekwa na kilichobaki ni bibi yake, Bi Mwanakombo, anione kwa macho yake ndipo atoe jibu. Nikamkimbilia fundi meno mmoja wa Usagara, Bwana Akbar, akanitengenezea kichuma cha kufunika kisiki cha jino, juu yake kauri nyeupe (mbona ilipendeza!), lakini akasita kunivalisha.

"Chuma kinachopatana na kauri hii kimekwisha," akasema. "Hiki nimekiokoteza tu. Vikipata moto kila kimoja kitatanuka kivyake, mwisho vitaachana. Ngoja nitafute kingine."

Ningoje nini, na safari ya Pangani kesho? Nikamwambia nivalishe hivyohivyo, sitachekacheka.

Na kweli sikucheka. Niliamkia shikamoo, nikakaa mkekani, nikaletewa kahawa inayofuka, kikombe baada ya kikombe (ukweni utakataaje?), kisha bibi akachukua kipande cha halua aliyoipika Zainabu mwenyewe, akaning'atisha nusu kwa mkono wake, na nusu iliyobaki, ndiyo desturi yao, akala yeye. Ulimi wangu ukagusa chuma kitupu. Kabla sijaelewa, bibi akauma kitu kigumu, uso ukamkunjika.

"Zainabu! Halua gani hii ina kokoto? Wataka kunimalizia haya mawili yaliyobaki?"

Zainabu akatoka jikoni, machozi yanamlengalenga, anaapa sukari aliichekecha (na sukari yenyewe aliihangaikia mji mzima), shangazi zake wanamsuta, nami nimefumba mdomo kama niliyeshonwa. Roho iliniuma. Nikafungua kinywa chote, chuma cheusi nyumba nzima ikakiona.

"Si kokoto, bibi. Ni langu."

Bi Mwanakombo akakitazama kile kigae cha kauri kiganjani, akanitazama mimi, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mpeni mke wake," akasema. "Na jino lake mpeni."

Biashara zilipofunguliwa Bwana Akbar alipata chuma kinachopatana, na jino hili halijatikisika. Lakini kitu ambacho fundi mwenyewe amekitilia shaka, wallahi, sivai tena. Kile kigae Zainabu anacho hadi leo kwenye kijaluba chake cha vipuli, na nikianza ukali ndani ya nyumba, hukileta taratibu, akakiweka mbele yangu.