Akina Benita wa Ghorofa ya Tatu

Kazini Émerance Ngalula aliitwa Benita. Hakulichagua jina hilo. Siku alipoajiriwa kujibu simu za wateja wa kampuni moja ya simu, mkuu wa ukumbi, Chefu Gérard, alimpa kikaratasi chenye jina hilo na kumwambia kwamba mteja hana haja ya kujua anazungumza na nani. Basi kwa miaka sita, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, alikuwa Benita. Akirudi kwao mtaani Hewa Bora akawa tena Mama Aaron, na mambo yakaendelea hivyo.

Ukumbi wao ulikuwa ghorofa ya tatu katikati ya mji wa Lubumbashi. Watu ishirini na wawili walikaa kwa safu, kaski za kusikilizia simu masikioni, na mbele yao ukutani palitundikwa televisheni kubwa iliyoonyesha kila jina na dakika zake. Simu ikipita dakika tatu, jina lako liligeuka jekundu. Asubuhi, kabla ya kazi kuanza, aliyekuwa na wekundu mwingi kuliko wote jana yake alisimamishwa mbele ya wenzake ajieleze. Hata kwenda chooni ulipaswa kuinua mkono na kungoja Chefu Gérard akuone, na mara nyingi macho yake yalikuwa kwenye televisheni.

Mara moja tu Émerance alijaribu kusema.

"Chefu, bantu bengine shida yabo ni ya murefu. Dakika tatu haitoshe."

Gérard hakukasirika. Alikuwa mtu wa suti safi na sauti ya chini, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. "Kama haupende, mama, mulango iko wazi. Kule chini kuko bantu mia benye diplome, banangoja kiti yako."

Émerance akaketi. Nyumbani mama yake na mwanawe walimtegemea yeye peke yake. Akajifunza, kama wengine, ile sentensi ya kumalizia ambayo kila mtu ukumbini aliijua kwa moyo: "Tunaelewa shida yako, papa. Upite ku ajensi ya karibu na kitambulisho yako, utasaidiwa." Ilichukua sekunde kumi. Baada yake uliruhusiwa kukata, na jina lako lilibaki la kijani. Aliisema mara themanini kwa siku. Jioni alikula bukari, ugali wa kwao, kimya, na mama yake akadhani ni meno.

Mwisho wa Januari 2025, siku ya Jumatatu, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Lubumbashi ni mbali na Goma. Hakuna aliyesikia risasi. Lakini nusu ya maduka ya jumla kule Ruashi, pembeni mwa mji huo, ni ya watu wa Kivu ya Kaskazini, na malori mengi yanayoleta maharagwe na viazi ni yao. Kuanzia Jumatatu ile simu ziliingia kama mvua ya mwezi huo, bila kupumua. Mtandao wa Goma ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Watu walitaka kujua kama namba fulani ingali hai. Wengine hawakuwa na swali lolote. Walilia tu, na aliyepokea alitazama sekunde zikikimbia ukutani.

Asubuhi Chefu Gérard aliwaambia, "Wiki hii simu zitakuwa nyingi. Ndiyo sababu mutakuwa wafupi zaidi. Dakika mbili na nusu."

Shalom, msichana aliyekaa kando ya Émerance, akavaa kaski yake.

Siku ya Alhamisi, karibu saa nne, Émerance alipokea simu, akajitaja Benita kama kawaida, na mwanamume aliyepiga akaanza kwa kuomba.

"Mama, usikateko! Tafazali usikate. Leo ni mara kumi na moja ninaita."

"Nakusikia, papa. Sema."

Aliitwa Édouard, mfanyabiashara wa Ruashi, mzaliwa wa Butembo. Mkewe Martine alikuwa Goma na watoto watatu. Mmoja wa watoto alichezea simu ya mama yake na kukosea namba ya siri mara tatu, na kadi ikajifunga. Sasa simu iliomba ile namba ndefu ya kufungulia ambayo kampuni peke yake inayo.

"Kila mumoja wenu ananiambia niende ku ajensi. Nilienda! Banasema laini yenye iko Goma banaitengeneza ku Goma. Na ku Goma banafunga, mama. Bibi yangu ananitumia habari mu simu ya jirani, mara moja kwa siku, na ule jirani anataka kuvuka mupaka kesho. Akienda, mi sitajua tena watoto wangu beko wapi."

Émerance aliinua macho. Jina la Benita lilikuwa bado la kijani. Dakika mbili zilikuwa zimepita. Ile sentensi ilikuwa tayari kwenye ulimi wake.

Haikutoka. Émerance alizaliwa mwaka 1993, katika ile miaka Wakasai, watu wa kwao, walipofukuzwa mkoani Katanga. Mama yake, akiwa na mimba yake, alitenganishwa na mumewe kwenye kituo cha treni cha Likasi katika msukumano wa watu, na kwa miezi minane hakujua kama ni mke au ni mjane. Baba alipatikana hai, Mungu ni mkubwa. Lakini Émerance alikua akisikia habari za karani mmoja wa kituo ambaye kila siku alimwambia mama yake, bila hata kuinua kichwa, aende kuuliza dirisha lingine.

"Papa Édouard," alisema, "hii laini iliandikishwa kwa jina ya nani?"

"Ya kwangu. Mi njo niliinunua, wakati mukewangu alikuwa anaenda kusalimia bazazi."

"Basi mimi naweza kukusaidia. Lakini nitakuuliza mambo mengi, na utajibu polepole."

Kumbe jambo lilikuwa halali tangu mwanzo. Mwenye laini alikuwa mwenyewe kwenye simu, palepale Lubumbashi. Ilitakiwa tu kumhakikisha kwa maswali, na maswali hayo hayakuenea katika dakika mbili na nusu; ndiyo maana wenzake kumi hawakuyafikia. Édouard alitafuta kadi yake ya mpiga kura dukani. Émerance alimsikia akipindua makatoni, akimwita mfanyakazi wake, akigombana na droo iliyokwama. Alipoulizwa namba tatu ambazo laini ile huzipigia mara nyingi, alikumbuka mbili. Ya tatu ilimtoka, ikarudi. Hatimaye Émerance akamsomea namba ya kufungulia, tarakimu moja moja, na yeye akazirudia kwa sauti ya mtu anayesali.

Dakika ishirini na moja. Alipovua kaski, ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na jina la Benita lilikuwa jekundu kama nyanya.

Kesho yake asubuhi alisimamishwa mbele. Alisema, "Nilikuwa namaliza kazi," akarudi kitini. Saa hiyohiyo Shalom, aliyemheshimu kama dada mkubwa, akamgusa bega. "Yaya, kuko papa mumoja ku laini yangu. Anakataa kusema na mimi. Anataka Benita tu."

Alikuwa Édouard. Simu ya Martine ilikuwa imefunguka. Walikuwa wamezungumza dakika nne kabla mtandao haujakatika: mkewe na watoto walikuwa wamehifadhiwa kwenye parokia, wote wazima. Édouard alitaka kusema asante, akashindwa, akamwambia Émerance tu kwamba anampigia simu akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa hakumwezekani.

Watu wa Kivu wanajuana. Kabla ya Jumamosi, Ruashi nzima ilijua kwamba ukipiga simu kwa kampuni uombe Benita. Simu zikaanza kuingia kila kona ya ukumbi: "Nipatie Benita." Émerance hakuweza kuwajibu wote. Basi Shalom, ambaye kwenye televisheni aliitwa Ruth, siku moja alivuta pumzi na kumwambia mteja, "Ndiyo, papa, ni Benita. Sema shida yako." Alikaa naye dakika kumi na nne. Aliyekuwa nyuma yao akafanya vilevile. Jumanne iliyofuata kulikuwa na akina Benita tisa katika ukumbi ule, mmoja wao mwanamume mwenye sauti nyembamba, na televisheni ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini.

Gérard hakuwapigia kelele. Alichagua mmoja. Saa sita mchana aliweka mezani pa Émerance ile barua ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua, *demande d'explication*: kosa lako limeandikwa, unapewa saa arobaini na nane ujieleze, na kwa kawaida hukumu imekwisha kukatwa.

Émerance alijibu palepale kwa kalamu. "Nilizungumza na mteja dakika ishirini na moja kwa sababu shida yake ilikuwa ya dakika ishirini na moja."

Gérard aliisoma akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Unanichezea?"

"Hapana, chefu. Nimejieleza."

Akasimamishwa kazi wiki moja, kisha ingejulikana. Alishuka ngazi za ghorofa zile tatu na mkoba wake, akidhani machozi yatamtoka. Badala yake alishangaa kujisikia mwepesi. Aliwaza kwamba wakimfukuza ataenda kijijini Lukafu, kwa mama yake mdogo mwenye shamba la mahindi, na huko hakuna atakayemhesabia sekunde.

Siku ya tatu mtu alibisha hodi Hewa Bora. Alikuwa Chadrack.

Ukumbini watu walimwogopa Chadrack kuliko Gérard mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza simu zilizorekodiwa na kutoa alama. Alikaa katika chumba kidogo, hasemi na mtu, na alama zake ndizo zilizowasimamisha watu asubuhi. Mama yake Émerance alimpa kiti na chai. Aliishika chai bila kuinywa.

"Mama Aaron, nimekuja kukuambia kitu nimefanya. Haina mubaya. Ao pengine ni mubaya, sijue."

"Sema tu, Papa Chadrack."

"Nilitafuta simu zote za ule papa wa Ruashi. Zile kumi za kwanza. Nilizisikiliza moja kisha ingine. Bote banamujibu na heshima. Bote banasema ile sentensi. Mi mwenyewe nilibapatia alama za juu." Akaiweka chai chini. "Kumi na mbili juu ya kumi na mbili, mama. Halafu ya kwako nikakupatia alama ine tu."

Alikuwa amezituma zote kumi na moja makao makuu Kinshasa, kwa mkurugenzi wa huduma ya wateja, pamoja na hesabu moja rahisi. Tangu akina Benita waanze, simu zilikuwa ndefu, ndiyo. Lakini wateja wanaopiga mara ya pili kwa shida ileile walikuwa wamepungua nusu. Aliyesaidiwa harudi.

"Na Chefu Gérard?"

"Hajue. Kesho atajua. Mukubwa anafika na ndege ya asubuhi."

Mkurugenzi aliitwa Madame Estelle. Ijumaa alimwita Émerance, na Émerance akaenda amevaa kitenge chake cha kanisani, maana alidhani ni siku ya mwisho. Alimkuta Gérard katika chumba cha mikutano, kaski masikioni, na mbele yake kompyuta. Madame Estelle alikuwa amemwomba asikilize zile simu kumi na moja kwa mpangilio, bila kuruka. Alifika ya saba. Humo Édouard alikuwa anamtajia mfanyakazi majina ya watoto wake, kwamba labda yangesaidia, na mfanyakazi, kwa sauti tamu, akamtuma ku ajensi.

Gérard alivua kaski, akaiweka mezani taratibu.

"Nani aliweka dakika tatu?" Madame Estelle aliuliza. "Kinshasa tulisema sita, na tulisema ni wastani."

"Mimi." Aliangalia mikono yake. "Kule nilifanya kazi zamani, banafunga ukumbi sababu tulikuwa wa polepole. Bantu makumi tatu, ku barabara, siku moja. Nilifikiri nabalinda aba ba hapa."

Émerance alikuwa amengoja miaka sita kumwona mtu huyu ameinamishwa, na sasa alipomwona hakupata utamu wowote. Alitaka tu Gérard atoke chumbani akapumzike. Na kwa kweli alitoka. Mwezi uliofuata alipelekwa kwenye ofisi ya mikataba, mahali pasipo na saa ukutani, na wanaofanya naye kazi wanasema ni mtu mpole.

Madame Estelle alimuuliza Émerance kama angetaka nafasi ya Gérard. Alikataa bila kufikiri. Alichoomba ni barua ile itolewe kwenye faili yake, na mtu akitaka kwenda chooni aende tu. Madame Estelle alimtazama sana. "Kwenda chooni munaomba ruhusa?" Alipojibiwa ndiyo, alifunga macho kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nafasi alipewa Chadrack, ambaye hakuitaka vilevile, lakini alishawishiwa. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuzima televisheni. Ukuta ulibaki na alama ya mstatili mweupe, na kwa siku kadhaa watu waliendelea kuitazama kwa mazoea.

Martine na watoto walichukua wiki sita kufika Lubumbashi. Walipita Rwanda, Tanzania na Zambia kwa mabasi, wakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa siku ya mvua kubwa mwezi Machi, mtoto mdogo na homa lakini anacheka. Édouard alipiga simu kutoka mpakani. Hakuwa na shida yoyote ya laini. Alimpa kila mmoja simu aseme "bonjour Mama Benita", mpaka na dereva wa teksi, na Émerance aliwaitikia wote hadi salio la Édouard likaisha katikati ya neno.

Jumatatu yake, simu ya kwanza asubuhi ilikuwa ya mzee mmoja wa Likasi, amekasirika mno. Kampuni ilimwekea wimbo wa mapenzi kwenye laini yake, kila anayempigia anausikia, na jana mchungaji wake alimpigia. "Mimi niko shemasi!" alifoka. "Mutoe hii bintu!" Émerance alimwomba radhi, akamsikiliza mpaka mwisho, hata alipoanza kuimba ule wimbo ili aeleweke vizuri. Kando yake Shalom alikuwa ameficha uso mikononi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ilikuwa shida ya amani, shida ndogo ya mtu aliye nyumbani kwake na watu wake, na Émerance alichukua muda wake kuitengeneza.