Moshi kwa Ng'ombe Aliyezama

Wanawake wa jumuiya yetu hapa Mpanda wakinikuta na simu mikononi wanadhani naangalia picha za harusi za watu kama wao. Siangalii harusi. Nachunga ng'ombe. Na kama kuna mtu anaona aibu bibi mzima kucheza gemu, aibu hiyo ni yake, aende nayo kwake.

Gemu niliwekewa na mjukuu wangu wa kike, niliyemlea toka anatambaa. Alipopata kazi ya maabara Dodoma tukawa watu wa kupigiana simu. Simu zenyewe zilikuwa hivi: shikamoo bibi, marahaba, umekula, nimekula, mvua je, inanyesha. Halafu kimya. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua. Mtoto niliyekuwa nabambua naye karanga kutwa nzima na maneno hayaishi, leo hatuna la kuambiana! Nikaona huyu ananipotea hivi hivi nikiwa namsikia.

Alipokuja likizo nikamwambia, "Mimi na wewe hatujawahi kukaa tukaongea tu. Tuliongea mikono ikiwa na kazi."

Akafikiri. Akasema, "Basi bibi, nitakupa kazi." Akachukua simu yangu.

Gemu hilo ni nchi. Watu wanaingia kutoka huku na huku, kila mmoja na simu yake, na kila mmoja anajitengenezea mtu wake wa kutembea humo ndani. Unapewa kazi, wenyewe wanaita misheni. Ukiimaliza unapanda ngazi, ukishapanda za kutosha unafunguliwa nchi nyingine ya mbele. Na mkivaa vile vispika vya masikioni mnaongea kama mmekaa jiko moja. Maandishi ya kigeni ya humo siyasomi, niliishia darasa la nne, lakini jembe nikiliona nalijua, na fisi nikimwona namjua.

Mtu wangu nilimchagua mwanamke mwenye mabega. Mjukuu alitaka awe msichana mwembamba, kiuno kama cha nyigu. Nikamuuliza, mwembamba huyo atabeba nini? Nikamfunga na kitambaa cha kichwa, tukaanza.

Tukakata kuni, tukachimba dawa, tukapiga fisi. Na maneno yakarudi. Habari za yule bwana aliyetaka kumchumbia, na kwa nini alimtimua, nilizipata siku tunachuna ngozi ya fisi. Kwenye simu ya kawaida asingeniambia kamwe.

Mwisho wa nchi ile ya kwanza kuna mto, na ukingoni kuna zizi. Misheni ya mwisho ni kuleta kundi la ng'ombe kutoka machungani mpaka zizini. Wakiingia wote, daraja linafunguka. Mjukuu alileta wa kwake, akavuka, akanisubiri ng'ambo. Mimi nikaleta wa kwangu taratibu, bila kumpiga hata mmoja. Wakaingia. Wa nyuma kabisa, jike jeupe lenye pembe iliyovunjika, akafika langoni akazama. Ardhi ilimmeza mpaka shingoni ikajifunga. Akabaki anatikisa masikio na kulia. Daraja likabaki limefungwa.

"Bibi," mjukuu akaniambia, "huyo ana mdudu."

"Mdudu?"

"Ndiyo, mdudu. Amewapata wengi. Hatibiki huyo mpaka wenye gemu waje wamtibu wenyewe. Nitawaandikia."

Ungesema mdudu kwa mtu wa Dar angekuelewa anavyojua yeye. Mimi nimetoka kaskazini na marehemu mume wangu, kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, tukaingia misitu ya huku. Huku mtu akisema mdudu na ng'ombe kalala, huulizi mdudu gani. Ni mbung'o. Na dawa yetu ya kwanza kwa mbung'o, kabla hujampata bwana mifugo, ni moshi. Unakusanya mavi makavu na kuni, unawasha upande upepo unakotokea, moshi unamfunika mnyama, mdudu anakimbia.

Basi nikakata kuni nikawasha moto pembeni ya ng'ombe wangu. Humo ndani moto unazimika ukitoka kwenye gemu, kwa hiyo kila mchana nilipoingia nilianza na kuni. Mjukuu sikumwambia. Kuna haja gani ya kutangaza kwamba unamfukizia ng'ombe?

Wapita njia ndio walioanza kelele. Mmoja ni mvuvi wa Karema, sauti yake inakuja na upepo wa ziwa nyuma yake.

"Mama mkubwa, hapo unabanika nini?"

"Sibaniki. Namfukizia ng'ombe."

"Nyie Wasukuma! Mtafukizia mpaka ng'ombe wa kwenye picha!"

"Na wewe mvuvi umefuata nini nchi kavu? Samaki wamekukimbia?"

"Mbanike bwana tule, dagaa zimenikinai."

"Zimekukinai kwa uvivu wa kuziparua."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe na wa kwake alizama palepale, tena vibaya zaidi, kichwa chini, matako peke yake ndiyo yako juu. Alikuwa anazunguka tu bila la kufanya. Kesho yake akaja na kuni. Akaja na mwalimu mmoja wa Mishamo, mpole, wa kwake kazama mpaka magotini. Wakaja na wengine. Wanaweka kuni, wanakaa, wanasimulia bei ya mahindi na ubovu wa barabara. Mvuvi alisema ule moto ndio mahali pekee kwenye gemu ambapo mtu hakupigi.

Wenye gemu walimjibu mjukuu: suala lako tunalifanyia kazi. Maneno hayo nayajua. Bomba la mtaa wetu nalo linafanyiwa kazi, toka koki yake ina rangi mpaka sasa ina kutu.

Halafu likatoka tangazo. Msimu unaisha. Kikundi cha mjukuu wangu kule ng'ambo kitapanda milimani, na wakishapanda, njia nyuma yao inafungwa. Ambaye hajavuka mto hatawaona tena. Maana yake mimi hapa na ng'ombe wangu, yeye kule, na sisi tunarudi kwenye shikamoo, marahaba, inanyesha.

Akanipigia amefurahi. "Bibi, nimepata njia. Mfute huyo mtu wako. Nimekutengenezea mwingine, yuko huku ng'ambo tayari, ana ngazi za juu. Wewe uingie tu."

"Ngazi hizo kazipanda nani?"

"Nimempandisha mimi."

"Basi huyo ni wewe. Utakuwa unaongea na nafsi yako."

"Bibi, kila mtu anafanya hivyo! Akikwama anafuta, anaanza upya."

"Ndiyo maana wenye gemu hawatengenezi. Wanaangalia darajani wanaona watu wanapita, wanasema mambo safi. Nani atawaambia hapa langoni pameoza, kama sisi tuliokwama tunajifuta wenyewe?"

"Ni gemu tu, bibi!"

"Najua ni gemu. Sijawa chizi. Nimemleta ng'ombe huyu kutoka machungani, sijakosea hata hatua. Kosa si langu, na mimi ndiye nifutwe? Sifuti."

Akapumua kwa hasira, nikamsikia. "Na huo moto ninaoambiwa umewasha pale ni wa nini?"

"Si ulisema mdudu?"

Akaangua kicheko, kile alichokuwa anacheka utotoni mpaka anakaa chini. Akanieleza kwamba mdudu kwenye mambo ya mashine ni kasoro, wale waliotengeneza walikosea mahali, hakuna kinachouma wala kuruka.

Nikamwambia, "Kama kimeharibika sema kimeharibika. Hilo jina la mdudu wamelitafuta ili isionekane ni mkono wa mtu. Mdudu hana mwenyewe. Kosa lina mwenyewe."

Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki."

"Basi baki na ng'ombe wako, bibi." Akakata simu.

Siku zikapita hanipigii. Mwanangu, mjomba wake, akaja kunishauri, mikono mfukoni. "Mama, si uingie tu huko kwa huyo mwingine, mtoto afurahi? Unagombana na mjukuu kwa ajili ya ng'ombe asiyekuwepo?"

"Na bomba lisilotoa maji lipo?" nikamuuliza. "Ulipoambiwa uhame mtaa kwa sababu ya bomba hilo ulikubali?"

Akasema mimi sina dawa. Nikamwambia chukua mfuko wa karanga upelekee wakwe zako, na ukapumzike huko huko.

Roho iliniuma. Sitaki mtu adhani haikuuma. Nilikuwa nawasha moto ule huku najua unawaka kwa ajili ya kitu ambacho moshi haukisaidii. Lakini niliwasha, maana watu walishazoea kuja, na anayefika akakuta majivu atajua hata yule bibi kajifuta.

Ikafika siku ya mwisho ya msimu. Mchana, mvuvi yuko hapo anamtania mwalimu kuhusu baiskeli yake, nikaona mtu anashuka darajani kutoka ng'ambo. Kutoka kule unaweza kushuka, kurudi ndiyo huwezi. Msichana mwembamba, kiuno kama cha nyigu, kabeba mzigo wa kuni unaomshinda.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Nimeleta kuni."

"Na wenzako?"

"Wamepanda."

"Na zile ngazi zako zote?"

"Bibi, usinichimbe."

"Sijakuita mimi."

"Najua hujaniita."

Mvuvi akasema, "Karibu mwanangu, wa kwangu ni yule pale mwenye matako." Mjukuu akacheka, na mimi nikajifanya naangalia kuni zake.

"Mbichi hizi."

"Bibi, kwenye gemu hakuna kuni mbichi."

"Mbichi. Ziweke upande wa upepo."

Akaziweka. Ng'ombe wangu bado kazama, anatikisa masikio tu, na wenye gemu bado wanalifanyia kazi. Mjukuu akachuchumaa karibu na moto, akasema polepole, "Bibi, yule bwana niliyemtimua kanipigia tena."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Shika lile gogo tulikate, ndiyo unieleze vizuri."