Mashua ya Mama Turubai

Shemeji alikuja kwenye mazishi ya kaka yake na begi moja, akakaa miaka minne. Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa madawati ya shule aliyestaafu, na wiki ya kwanza tu alikwishajitwalia kiti cha kaka yake pale dirishani. Toka hapo hakuna kilichompendeza: chai nyepesi, mlango unalia, mjane wa kaka yake anafagia kama anayefukuza kuku.

Mjane mwenyewe alikuwa mshonaji wa maturubai ya malori, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Turubai. Alipoacha kazi na kubaki nyumbani mchana kutwa, aligundua kwamba hawezi kumvumilia yule bwana. Alitaka mahali pamoja tu duniani ambapo shemeji hana kiti. Bwawa lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Akaamua kujenga mashua.

"Wewe? Mwanamke wa cherehani?" Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Hilo litakuwa jeneza lenye tanga."

"Basi utajua pa kulala," alimjibu.

Alianza uani, kwa mchoro aliouchora nyuma ya kalenda. Aliomba randa, Shemeji akafunga sanduku la vifaa na kutia ufunguo mfukoni. Akanunua yake, kuukuu, akainoa mwenyewe. Miezi mitano alipinda mbao, akatoboa, akapiga misumari, na kila siku yule mtu alisimama mlangoni na kikombe mkononi akitoa kasoro.

"Mbao hizo mbichi. Zikikauka zitaachana."

Mama Turubai hata kichwa hakuinua. Angejuaje kwamba safari hii ni kweli? Jana yake alimwambia nyundo anaishika kama mwiko, na juzi kwamba kaka yake alioa kwa pupa. Yote yalitoka kwa sauti ileile.

Siku ya kuishusha majini, majirani walisaidia kuibeba. Aliingia, akakaza kamba, tanga alilolishona kwa vipande vya turubai likajaa upepo. Hakufika hata hatua thelathini. Maji yaliingia pembeni, kwenye mianya ambayo kidole kingepita, na mara yakamfika magotini. Akarudi anaivuta kwa mkono, nguo zimemganda mwilini.

"Nilisema!" Shemeji alipaza sauti ili kila mtu asikie. "Mbichi! Nilisema!"

Mama Turubai aliwaomba majirani waiinue tena, akatembea mbele yao hadi nyumbani huku maji yakimchuruzika.

Kesho yake alibandua mbao nne, akaenda kwa muuza mbao na kugonga moja moja kwa kifundo cha kidole mpaka akapata zilizokauka kweli. Aliporudi alimkuta Shemeji uani, sanduku liko wazi, randa mkononi.

"Lete hapa. Utaziharibu na hizi."

"Usiguse."

"Nilipokwambia hukusikia."

"Uliniambia kama unatukana, nikasikia tusi." Alimpita, akaweka mbao chini. "Toka kwenye mwanga wangu."

Shemeji akaingia ndani na kubamiza mlango. Chakula cha jioni alikula chumbani kwake, na cha kesho yake pia.

Mara ya pili mashua ilielea kavu. Mama Turubai aliketi nyuma, usukani kwapani, akasikia ubavu wa mashua ukipasua maji, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mabega yakamlegea. Kisha sauti ikamfuata kutoka ukingoni:

"Kamba ya tanga! Umeifunga vibaya! Itafunguka!"

Aliitazama. Kweli, fundo lilikuwa limeanza kulegea. Akaliacha hivyohivyo, ameuma meno, mpaka alipozunguka matete, mahali ambapo yule mtu asingeweza kumwona. Hapo ndipo alipolifunga upya.