Nasomea Meno, Nyumbani Wamemchimba Mwanangu Fizi

Admin, jina langu lisionekane, maana ukoo mzima wa mume wangu unasoma ukurasa huu na bado naishi nao.

Nina miaka 25, nipo Karatu, nimeolewa na dereva wa watalii na tuna mtoto wa miezi saba. Jumatatu nina mtihani wa kuingia chuo cha meno kule Arusha. Nimeusomea kwa shida, kitabu mkono huu, mwiko mkono huu. Fuvu, taya, shingo, mishipa ya fahamu, vyote vimeingia. Mume akiwepo namfungua kinywa najifunzia: kato, chonge, magego. Nikakuta chonge, yale meno yaliyochongoka ya pembeni, zote nne hana. Akasema alipigwa teke na punda utotoni. Nikacheka, punda gani anachagua chonge tupu? Nikayaacha hapo, mjinga mimi.

Wiki iliyopita mtoto akaharisha, homa juu. Nikampeleka zahanati, akapewa dawa. Mama mkwe akaja kutoka Baray kunisaidia, nikashukuru kabisa, nikaenda twisheni. Narudi nakuta mtoto analia hadi sauti imekauka, kanga ina damu. Nikamfungua kinywa. Pale juu, chonge za utotoni zinapojitunga ndani ya fizi, pamechimbwa vishimo viwili. Kwa spoku ya baiskeli!

"Alikuwa na meno ya nailoni, mwanangu," mama mkwe akasema huku anakunywa chai. "Ndiyo yanamharisha. Hata mume wako nilimtoa, si unaye?"

Jamani, hakuna kitu kinaitwa meno ya nailoni! Yale ni meno yake mwenyewe, bado machanga, na karibu yake ndipo linapoanzia jino la ukubwani. Nilimkimbiza hospitali, wakamsafisha, na sindano bado anachomwa.

Nikampigia mume, yuko kreta, kule hifadhini, na wageni. Nilidhani tutalia wote. Akajibu, "Mama alinipigia, nikamwambia atoe. Wewe ulikuwa wapi? Unasoma meno ya watu, ya mwanao huyaoni."

Kumbe yule punda yuko jikoni kwangu anakunywa chai. Mungu anisamehe, lakini nina hasira. Huyu mwanaume alidanganya kuhusu kinywa chake mwenyewe, halafu akaruhusu mwanangu afanyiwe vilevile.

Nikamwambia basi Jumatatu naenda na mtoto mgongoni. Akasema mtoto anabaki na bibi yake, nikitoka naye nisirudi. Mama yangu mzazi ni marehemu, sina pa kukimbilia. Mtihani huu nikiukosa, najua sitaruhusiwa tena kuujaribu.

Jana mama mkwe alikuwa anambembeleza mjukuu wake, akaniambia kwa upole kabisa, "Nenda tu kwenye mtihani wako, mwanangu. Yamebaki ya chini, nitamalizia."

Ndugu zangu, msihangaike kumtukana, nimeshamtukana vya kutosha moyoni. Nishaurini tu: nibaki nilinde fizi za mwanangu, au nimbebe niondoke, ndoa ife? Nijibuni kabla ya Jumatatu.