Saa Mia Moja na Kumi na Tatu

Katika tawi lile la benki walimwita Mama Daftari, na jina lilimkaa. Alikuwa mtunza funguo wa chumba cha chuma kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyeshuka zile ngazi kumi na nne bila kuandikwa: ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, na pembeni sahihi ya Mama Daftari. Fedha hazikumhusu. Kazi yake ilikuwa visanduku vya amana, vile ambamo watu huweka hati za nyumba, wosia, pete za marehemu na vitu vingine wasivyotaka kuvitupa wala kuviona kila siku. Wakaguzi walipofika, meneja aliwapa daftari lake kwanza, kama mtu anavyowatolea wageni vikombe vizuri.

Wenzake walimheshimu, na kidogo walimwogopa. Aliwahi kumzuia meneja mwenyewe mlangoni kwa kuwa hakuandika jina. "Hata bosi ana herufi zake," alimwambia. Naibu wake, bwana mwenye maneno mengi aliyeshika ufunguo wa pili, alipenda kusema, "Mama Daftari siku akifa, ataandika mwenyewe saa ya kutoka."

Lakini lilikuwapo jambo ambalo wenzake hawakulijua. Kwa miaka kama mitatu, kila ilipofika siku ya kufunga benki kwa sikukuu, alikuwa akijaza saa ya kutoka kabla mteja hajatoka. Wateja wake aliwajua, nani anakaa dakika kumi na nani nusu saa. Aliandika mapema, akafunga daftari, akawa amemaliza. Hakuna aliyeumia. Na kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuuita huo uongo. Aliuita kujirahisishia kazi.

Mwaka huo sikukuu ya taifa iliangukia Ijumaa na sikukuu ya dini Jumatatu. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa kioo: benki itafungwa Alhamisi saa tisa alasiri, itafunguliwa Jumanne saa mbili asubuhi. Alhamisi hiyo watu walijaa mpaka vidirisha vikatota kwa pumzi zao.

Saa nane kamili aliteremka Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mtu mpole ambaye ukimsalimia anakushukuru. Kisanduku chake hakikuwa na kitu cha kuibwa, ila barua ambazo yeye na mkewe waliandikiana ujanani. Kila ilipokaribia sikukuu alikuja kuzisoma kwenye kijichumba cha pazia kilichokuwa ndani kabisa, nusu saa, kisha akaondoka.

"Leo umenikuta na haraka, Mwalimu," Mama Daftari alimwambia. "Binti yangu anashuka stendi saa tisa na nusu, na mjukuu."

"Usijali, mama. Mimi sina makelele."

Ni kweli, hakuwa na makelele. Mama Daftari akamwandikia: ameingia saa nane, ametoka saa nane na nusu. Akatia sahihi, akapanda juu kusaidia kwenye foleni.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kufuli la saa. Ndani ya chuma chenyewe zilikuwamo saa tatu ndogo. Kabla ya kufunga, unazitia ufunguo na kuzipangia muda, na mlango ukishafungwa, hata mwenye funguo zote hawezi kuufungua mpaka muda huo uishe. Kwa sababu hiyo kanuni ilikuwa kwamba mtunza funguo aingie kwanza, asogeze pazia, na aite mara tatu: kuna mtu?

Saa tisa kasoro dakika tano naibu alikuwa mlangoni akigeuza saa. "Mia moja na kumi na tatu," alisema. "Daftari linasemaje?"

"Wote wametoka," alijibu Mama Daftari kutoka kwenye ngazi, mkoba begani.

Kama daftari lilisema wametoka, naibu angeuliza nini tena? Akazima taa, wakasukuma mlango pamoja, na ukajifunga kwa ile sauti yake ya chini, kama mtu anayemeza.

Siku ya pili nyumbani kulikuwa shangwe. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa akimpima mjukuu kaptula na kulalamika kwamba mteja huyu hatulii na wala hatalipa. Mtoto akamponyoka, akaenda kujificha nyuma ya pazia la sebuleni, miguu nje.

"Bibi, nitafute!"

"Jamani, mjukuu wangu kapotelea wapi?" Mama Daftari akasema kwa kelele, akatembea chumba kizima huku akitazama mahali pasipo na mtu. Kisha akashika pazia ili alivute.

Mkono ukaganda hapohapo. Jana hakuvuta pazia. Hakuingia hata chumbani. Alisimama kwenye ngazi.

"Bibi, vuta basi," alisema mtoto kwa ndani.

Akalivuta. Mtoto akacheka, yeye hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwenye simu ya mezani na kupiga nyumbani kwa Mwalimu. Ililia mpaka ikakatika. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Akaingia jikoni akaketi. Ametoka, alijiambia. Huyu mzee hutoka nusu saa kamili, hajawahi kuzidisha. Amesafiri kwa ndugu zake, sikukuu hii, nani anakaa nyumbani? Tena chumba ni kikubwa, hewa ipo, mtu hafi kwa siku chache. Halafu likaja wazo ambalo hakulikaribisha, nalo lilikuja taratibu kabisa, kama mtu wa nyumbani: kwamba akinyamaza mpaka Jumanne, na Mwalimu akawa hayumo, hakuna atakayejua kamwe kwamba daftari lile lilijazwa kabla. Akaketi nalo. Mke wa nani, mama wa nani, yote yalimtoka. Alisikia cherehani ikilia sebuleni, na chini ya mlio wake akawa kama anasikia mlio mwingine mdogo, wa kugonga, unaokoma cherehani inapokoma.

"Mke wangu, una nini?" mumewe alimwuliza kutoka mlangoni. "Umekaa kama umesubirishwa kwa daktari."

"Kichwa tu."

Saa nane kasoro robo alipiga simu tena. Safari hii ilipokewa na mama mmoja, mfanyakazi wa Mwalimu, aliyekuja kupika.

"Hajarudi tangu jana, dada. Kitanda hakijalaliwa. Alisema anapitia benki. Si wamefunga lakini?"

Mama Daftari akaweka simu chini bila kuaga. Alitoka na kandambili za ndani.

Mtaa wa benki ulikuwa mtupu hata vivuli vilionekana vikubwa kuliko kawaida. Maduka yote yalishushwa vyuma. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kibanda chake akinywa chai, na alipomwona akasimama haraka.

"Mama, leo sikukuu. Umesahau nini?"

"Umesikia kitu huko ndani, baba?"

Mlinzi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kugonga? Aa, hilo ni lile dude la saa. Likipangiwa muda mrefu hugonga. Sikukuu zote mimi husikia."

"Na saa ikigonga, huwa inapumzika?"

Walikuwa wamesimama karibu na ukuta wa ubavuni, penye kijidirisha cha hewa cha ngazi. Wakasikiliza. Ikaja sauti: tatu, kimya. Tatu, kimya. Kisha ikaacha kwa muda mrefu, na kimya hicho ndicho kilichomtoa mlinzi jasho.

Kibandani palikuwa na simu. Meneja alipatikana kwake, na nyuma yake zilisikika sauti za wageni na sahani.

"Mama Daftari! Sikukuu njema. Kuna nini?"

"Bosi, nadhani Mwalimu yumo chumba cha chuma."

"Daftari linasemaje?"

"Linasema ametoka saa nane na nusu."

Meneja akapumua. "Basi ametoka. Mama, wewe umechoka. Daftari lako halijawahi kusema uongo tangu nikujue. Siwezi kumwita fundi wa makao makuu aje kutoboa mlango kwa sababu ya mlio, wakati wewe mwenyewe umetia sahihi. Nenda kapumzike."

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Angesema, "Haya, bosi," angerudi kwa mjukuu wake, na hata Jumanne lawama zingekuwa za meneja. Heshima ya miaka ishirini na miwili ndiyo iliyokuwa imemfungia yule mzee, zaidi ya chuma.

"Bosi," alisema, "niliandika kabla hajatoka. Sikumwona akitoka. Wala sikuingia kuangalia."

Sauti za sahani ziliendelea upande ule. Kisha meneja akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mpe mlinzi simu."

Mlinzi alifungua mlango wa ubavuni kwa idhini hiyo. Ndani, ukumbi wa benki ulikuwa na mwanga wa mchana na haukuwa na mtu. Viti vya wateja vilitazama madirisha yaliyofungwa. Kalenda ukutani ilikuwa imekwisha kugeuzwa, na mtu aliyeigeuza alikuwa na haraka, maana ilionyesha Jumanne. Wakateremka ngazi kumi na nne kwa tochi.

Pembeni mwa mlango wa chuma palikuwa na bomba la hewa lenye kifuniko cha skrubu nne, lililowekwa kwa ajili ya ajali ya namna hii na halijaguswa tangu jengo lijengwe. Mlinzi alizifungua kwa bisibisi. Kifuniko kilipotoka, hewa ya ndani ikawapiga usoni, baridi, yenye harufu ya karatasi za zamani.

"Mwalimu!" Mama Daftari aliita. "Kuna mtu?"

"Nipo, mama." Ilikuwa sauti ndogo, kavu, yenye adabu ileile. "Nilipitiwa na usingizi kwenye kiti. Ni zile dawa zangu. Nisamehe."

Mama Daftari akapiga magoti.

"Umeniletea maji?" akauliza mzee. "Yeye alisema hayataletwa leo."

"Nani, Mwalimu?"

"Huyu anayeniambia saa. Si mtu wenu? Mimi sina saa mkononi, na humu ni giza tupu, lakini nikiuliza ananijibu. Sasa hivi amesema ni saa tisa kasoro kumi, na zimebaki saa themanini na tisa."

Mlinzi akamulika saa yake ya mkononi. Akamwonyesha Mama Daftari. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Mama Daftari akahesabu kwa vidole mpaka Jumanne asubuhi, akahesabu tena, naye akafika themanini na tisa.

"Anaongea kwa sauti gani?" mlinzi akauliza, akirudi nyuma ngazi moja.

"Ya kawaida tu, bwana. Kama ya karani."

Walimpitishia mpira mwembamba ndani ya bomba, wakamnywesha maji yenye sukari. Fundi wa makao makuu alifika Ijumaa jioni na mitambo yake, akatoboa kwa zamu na msaidizi mpaka Jumamosi saa tano asubuhi. Muda wote huo Mama Daftari hakuondoka kwenye ngazi. Mumewe alimletea viatu na chakula. Kila mara Mama Daftari alimwita mzee kupitia bomba, na kila mara mzee alimwitikia, lakini hakumwuliza tena habari za yule mwingine, naye mzee hakuzisema. Mlango ulipofunguka, Mwalimu alitoka kwa miguu yake akijikinga macho, barua kifuani. Fundi alimulika kila pembe. Hapakuwa na mtu mwingine.

Wiki iliyofuata alifika mkaguzi, bwana wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, akaketi na Mama Daftari katika ofisi ya meneja. Funguo zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa naibu. Mkaguzi hakuwa mtu mkali. Alimfahamu kwa miaka mingi, na alitaka jambo hili lipite.

"Niandike ni mara moja tu, kwa ajili ya haraka ya sikukuu?"

"Ni miaka mitatu. Mara ngapi, sijui. Katika daftari lile siwezi tena kukwambia ni nani nilimwona akitoka na nani sikumwona."

Mkaguzi akaandika polepole. "Na ulipokumbuka, ulikwenda mara moja kutoa taarifa. Meneja ameniambia hivyo."

Mama Daftari akageuza uso. Nje ya mlango wa kioo cha ofisi, foleni ilikuwa imeanza, watu wakisukumana kwa utani kama kawaida.

"Maana Mwalimu ana neno lake hapa," mkaguzi akaendelea, akigeuza karatasi, "ni kiu, nadhani, mzee wa miaka sabini na tatu gizani. Anasema Ijumaa, saa sita na nusu mchana, ile sauti ilimwambia: yule mama anajua umo humu, ila amekaa tu. Mimi naona tuliache. Hili si la kuingiza kwenye taarifa ya benki."

Mama Daftari aliitazama mikono yake juu ya meza. Alikumbuka kiti cha jikoni, mlio wa cherehani, na lile wazo lililoketi naye kama mtu wa nyumbani. Hakuna binadamu aliyekuwapo. Hata mumewe hakujua.

"Liandike," akasema.

"Mama, unajua maana yake kwako?"

"Najua. Andika kwamba nilikaa saa moja na nusu. Na hiyo saa sita na nusu usiibadilishe. Amesema kweli."

Mkaguzi alimtazama, kisha akatazama nyuma yake mwenyewe, kwenye kona ya ofisi ambayo haikuwa na kitu, na ndipo akainamisha kalamu akaandika.